Siku Niliyompigia Mgeni Mwano

Vijana wangu, mmeniomba niandike, basi naandika. Ila msitegemee niwaeleze nilivyopanda vyeo. Nilianza nikiwa mwongoza wageni, nimestaafu nikiwa mwongoza wageni, kilichobadilika ni magoti. Mshahara nao tuuache ulipolala, tusimwamshe mgonjwa. Nataka nieleze kazi yenyewe, maana mpaka leo nikiikumbuka damu inachemka, natamani nishike fimbo nipande mlima. Na nataka nijibu lile swali mnalolinung'unikia kila safari: kwa nini lazima wageni wapelekwe kwanza kwa wazee wa sungusungu wakaonekane sura, ndipo waguse jiwe? Mnasema tunapoteza asubuhi nzima. Haya, someni; jibu liko kwenye hesabu ya mwisho.

Kabla ya kazi hii nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba, hapa hapa Bariadi, enzi hizo bado tukiwa mkoa wa Shinyanga. Ikaja ruksa ya biashara huria. Wanunuzi binafsi wakaingia, ghala letu likabaki na popo, sisi makarani tukaambiwa twende nyumbani tukapumzike. Nilipumzika wiki mbili nikachoka. Lakini ruksa hiyo hiyo iliyonitoa kazini ndiyo iliyomleta Mama Koku, Mhaya mmoja mjane aliyekuwa akiishi Mwanza, mwenye Land Rover moja na maneno ya watu kumi. Zamani kutembeza watalii ilikuwa kazi ya serikali. Sasa mwenye gari na roho ngumu aliweza kufungua kampuni. Yeye alikuwa na lake: wengine wanawapeleka wageni mbugani kuangalia simba wakiwa wamekaa ndani ya gari, yeye atawaleta watembee kwa miguu kwenye milima yetu ya mawe, walale vijijini, waone nchi.

"Sayi, Kiingereza unajua?" akaniuliza.

"Cha kupimia pamba, mama."

"Kinatosha. Na wao wengine hawakijui."

Siku yangu ya kwanza nilitumwa Malampaka kuwapokea mume na mke waliokuja kwa treni kutoka Dar. Treni ya saa moja asubuhi ilifika saa tano, na kwa treni ile hiyo ilikuwa kuwahi. Nilikuwa nimejipanga vizuri! Nitawaonyesha kinu cha pamba, kisha hospitali, kisha lile daraja jipya. Tumetoka kidogo tu, yule mama akapiga kelele gari lisimame. Wakashuka mbio, wakapiga magoti kwenye vumbi, kamera zinalia ka-ka-ka. Nikasogea. Kumbe wanampiga picha mdudu anayeviringisha kinyesi cha ng'ombe! Nikaona aibu, nikataka niwaambie mbele kuna vitu vizuri zaidi. Ndipo nami nikainama. Haki ya Mungu, yule mdudu alikuwa anasukuma mzigo kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, anapanda kilima, anaanguka nao, anarudi. Maisha yangu yote nilikuwa namruka. Siku ile nikajua kazi hii nitaipenda mpaka nife, na kinu cha pamba hatukufika.

Aliyenifundisha kutembea ni Mzee Shigela. Msicheke, na mimi nilidhani najua kutembea. Shigela alikuwa jangili, baadaye akawa askari wa wanyamapori, na alikuwa akisema kazi ni ile ile, ila ya pili unapewa viatu. Hakuwa mpole. Ukikanyaga kijiti kikavu alikuchapa fimbo ya kisigino, karani au si karani. Alinifundisha kupanda na upepo usoni, kusimama wote kwa pamoja, na kutowapitisha watu kwenye majani marefu karibu na maji saa za jioni. Zaidi ya yote alinifundisha kuhesabu. "Ng'wanone," aliniambia, yaani mwanangu, "usiwahesabu mkikaa. Wahesabu mkiinuka. Mtu hapotei mkiwa mmekaa." Liandikeni hilo ukutani.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Buti zangu nilizipata sokoni kwenye mitumba, moja namba nane, nyingine namba tisa, na zilinifikisha mbali kuliko vyeti vyangu. Tulikuwa na kamba, birika, dawa ya vidonda, na boksi la filimbi. Hizo filimbi za plastiki nyekundu Mama Koku alizinunua kwa fahari kubwa. Kila mgeni avae moja shingoni, akipotea apulize mara tatu. Kwenye vitabu vya wazungu ndivyo ilivyoandikwa.

Sasa, nyie wa leo hamjui sungusungu wa siku zile. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umetutesa mpaka kila kijiji kikajilinda chenyewe, kwa upinde na mshale. Filimbi ikilia, au mwano ukipigwa, yaani ule ukunga wa hatari, kila mtu anatoka. Anayekula anaacha ugali, anayeoga anatoka na povu. Anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, kilima hadi kilima. Usipotoka, una kesi. Ukiupiga bila sababu, una kesi kubwa zaidi. Basi mwaka wetu wa pili mgeni mmoja, Mholanzi mrefu kama nguzo ya simu, aliamua kuijaribu filimbi yake akiwa anaoga nyuma ya hema. Alipofunua turubai alikuta watu arobaini na mishale imeshapachikwa, naye ana taulo tu, tena dogo. Nilipiga magoti kuwaomba radhi. Walisamehe kwa sababu walicheka mpaka wakaishiwa nguvu.

Tangu siku hiyo nikawa nawanyang'anya wageni filimbi kabla hatujapanda, naziweka kwenye mfuko wangu. Nilijiona nina akili sana! Mama Koku sikumwambia.

Kiangazi kilichofuata walikuja wageni wanne kutoka Norwe. Mkubwa wao alikuwa mwalimu mstaafu, Mama Astrid, miaka sitini na kitu, mwembamba, anatembea na fimbo mbili kama mtu mwenye miguu minne. Nchi yao, alituambia, milima inasimama ndani ya bahari kabisa, na watu wamejenga ubavuni kama pimbi. Mzee Shigela alimpenda siku ya kwanza, kwa sababu hakukanyaga kijiti hata kimoja. Tulipanda naye milima ya mawe upande wa Mwamapalala, kijijini kwangu, ambako nilikuwa nimejenga na mke wangu Kabula. Ah, siku zile! Unafika juu ya mwamba, upande mmoja unaona mashamba na mifugo hadi macho yachoke, upande wa pili pori linashuka kuelekea hifadhi, upepo unakupiga kifuani. Mimi niliyezaliwa hapo nilikuwa naona kama milima hiyo imejengwa jana.

Siku ya tatu tulikaa kunywa chai kivulini kwa jiwe, kama saa nane mchana. Mama Astrid aliona ua jekundu lililoota kwenye ufa, akasogea kuliangalia. Wale wengine walikuwa wananiuliza maswali kuhusu Mholanzi na taulo lake, maana hadithi hiyo nilikuwa siwanyimi watu. Tukainuka huku tunacheka. Sikuhesabu. Tumeshuka mwendo wa nusu saa ndipo Shigela akasimama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yuko wapi?"

Nikatupa birika chini. Tulirudi mbio. Tukaita, hola. Shigela aliziona nyayo zake kwenye mchanga, na matundu ya zile fimbo mbili, zimezunguka jiwe, zikapanda kwenye mwamba mtupu, zikaishia hapo. Mwamba hauweki alama. Zaidi ya hapo ni mawe juu ya mawe, nyufa za kumeza ng'ombe, na chini yake lile pori. Juzi yake tulikuwa tumeona nyayo za simba huko huko. Ilishafika saa kumi. Wale Wanorwe watatu waliniangalia, mmoja akaniuliza kwa nini Astrid hapulizi filimbi.

Filimbi ilikuwa mfukoni kwangu. Niliigusa.

"Sisi wawili hatutoshi," Shigela alisema. "Jua likizama, tumempoteza."

"Napiga mwano."

Alinishika mkono. "Sayi, acha wazimu. Mwano ni wa wizi wa ng'ombe, ni wa mauaji, ni wa moto. Nani aliwahi kumpigia mtalii mwano? Watakutenga. Kabula atachota maji peke yake. Ukifiwa utachimba kaburi na mikono yako. Umesikia?"

Nilisikia. Nilijua pia si maneno ya kutisha watoto. Niliwahi kumwona mtu aliyetengwa akihama na mabati yake kichwani. Lakini yule mama alikuwa peke yake kwa ujanja wangu mimi, siyo wa mtu mwingine. Nikapanda kwenye jiwe la juu, nikaweka viganja mdomoni, nikaupiga.

Jamani! Nimeona nyumbu wanavuka mto, nimeona tembo sitini kwa pamoja, sijaona kitu kama kile. Kwanza kimya. Halafu mtu mmoja akaupokea kule chini lamboni, kisha mwingine kwenye mashamba, kisha kilima cha pili, cha tatu, sauti inakwenda na kurudi mpaka nywele zikasimama. Vumbi likaanza kunyanyuka kwenye kila njia. Wanaume na pinde, wanawake na majembe na mipini, wachungaji wameacha mifugo, wote mbio wanapanda kwangu! Nililia, sioni haya kusema. Sijui ilikuwa hofu au furaha.

Aliyefika mbele alikuwa Mzee Luhende, mtemi wa sungusungu, mtu mfupi asiyepoteza neno. "Ng'ombe wa nani? Wameelekea wapi?"

"Si ng'ombe, baba. Ni mgeni. Amepotea kwenye mawe."

Pinde zikashuka. Luhende akaniangalia toka kichwani hadi kwenye buti zangu mbili zisizofanana. "Mgeni wa nani?"

"Wangu."

"Hilo tutaliongea. Kwanza tumtafute."

Wakajipanga mstari mmoja, bega kwa bega, wakaufagia mlima. Jua lilikuwa limebaki kidole kimoja juu ya pori, ndipo mama mmoja mwenye jembe akainua mkono watu wanyamaze. Alisikia jiwe linagonga jiwe, polepole, chini ya miguu yake. Mama Astrid alikuwa ameteleza kwenye ufa, kifundo cha mguu kimebanwa, sauti imemkauka kwa kuita, anagonga kwa kokoto. Tulimtoa kwa kamba. Aliponiona hakunigombeza. Alisema tu, "Niliitafuta filimbi, Sayi, nikakumbuka iko kwako." Heri angenipiga na ile fimbo yake.

Asubuhi yake likaitwa baraza. Nilisimama katikati, Mama Astrid amekaa kwenye kigoda, mguu umefungwa bandeji ya zahanati, nami nikimtafsiria kila neno, mpaka yale ya kunitukana mimi. Aliyesimama kunishitaki alikuwa Nkwabi, jirani yangu wa upande wa lambo.

"Niliacha ng'ombe wangu kwenye maji nikakimbia," Nkwabi alisema. "Nimerudi, ndama ameliwa na fisi. Ndama wangu ameliwa kwa sababu bibi mmoja alikwenda kuangalia ua! Leo ua, kesho watatupigia mwano wamepoteza kofia. Na siku wezi wakija kweli, nani atatoka?"

Watu walimuunga mkono, na mimi moyoni nilimuunga mkono. Alikuwa na haki. Nilikiri yote, filimbi, kutohesabu, vyote. Mama Astrid akaomba kusema. Alisema kwao mtu akipotelea mlimani au baharini hupigwa kengele ya kanisa, na watu huacha mkate mezani wakatoka, hata kama aliyepotea hawamjui.

"Kengele hiyo ni ya kwao," Nkwabi akajibu. "Wanaiitikia wao."

Luhende akainua mkono. "Nkwabi amesema neno. Mwano ni wa wanaouitikia. Muulize mgeni wako, Sayi: mwano ukilia hapa, yeye ataitikia?"

Baraza zima likacheka, maana mguu wenyewe ulikuwa umevimba kama boga. Nikamtafsiria. Hakucheka. "Mwambie nitaitikia."

"Hayo ni maneno tu," Luhende alisema. "Kesi naiacha wazi. Mpaka tuone, mji wa Sayi ukae pembeni."

Mji ndiyo kaya; na kukaa pembeni ni nini? Ni Kabula kufika lamboni asubuhi, akasalimia "Mwangaluka," na wanawake wote wakanyanyua ndoo zao wakaondoka bila kuitikia. Ni mtoto wetu kutumwa kaa la moto kwa jirani akarudi na kigae kitupu. Siku ya pili Kabula alitua ndoo mlangoni akanigeukia. "Ulinioa ili niongee na ndoo?" Nikaibeba ndoo kuiingiza ndani. Mama Koku alikuja na Land Rover akanisema kwa Kihaya, Kiswahili na Kiingereza, akawachukua wale Wanorwe watatu. Mama Astrid alikataa kupanda gari. Alikuwa ameshaona wale wanawake wanavyomkimbia Kabula, akaniuliza sababu, nami nikamweleza yote. Alisema yeye ndiye aliyeanguka kwenye ufa, basi atakaa mpaka kesi iishe. Akawa anashinda jikoni na Kabula wakichambua mchele, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, na walikuwa wanaongea kutwa.

Siku ya tano, saa nane mchana, mwano ukalia upande wa kaskazini. Moto! Ulikuwa umeshika ngitili, yale malisho tunayoyafunga msimu mzima ili ng'ombe wapate kula kiangazi kikikaza. Ngitili ikiungua, mifugo ya kijiji kizima inakufa. Kabula alishatoka na panga kabla sijavaa buti. Nikageuka kumwambia Mama Astrid akae ndani, nikakuta kigoda kitupu. Alikuwa ameshafika njiani na fimbo zake mbili, anaruka kwa mguu mmoja kama kunguru.

"Mama, rudi! Huo mguu!"

"Nilisema nitaitikia," alijibu, wala hakugeuka.

Moto ule ulikuwa unakuja na upepo, unanguruma, nyasi zinapasuka kama bisi kwenye kikaango. Tukakata matawi mabichi tukaanza kuupiga. Moshi! Mtu humwoni wa pembeni yako, unasikia anakohoa tu. Mama Astrid hakuweza kukimbia mbele na nyuma kama sisi, basi alichagua kipande kimoja cha njia ambapo moto ukivuka unaingia kwenye mazizi na nyumba, akatupa fimbo chini, akashika tawi, akasimama hapo. Nilimwona akianguka mara mbili. Mara zote mbili aliinuka. Upepo ulipopeperusha moshi kidogo nikaona anayepiga moto ubavuni mwake ni Nkwabi, kifua wazi, hamwangalii, hamsemeshi, wanapiga tu, huyu akiinua tawi huyu anashusha. Moto haukuvuka kile kipande.

Tuliuzima jua likielekea magharibi. Robo ya ngitili iliungua, iliyobaki ikapona. Tulikaa chini kwenye majivu, weusi tititi, tunacheka kama wendawazimu. Hata wasiotakiwa kunisemesha walinicheka. Nyusi za Mama Astrid zilikuwa zimeungua zote, na mguu wake sitaki hata kueleza.

Baada ya mwano, kabla watu hawajatawanyika, mtemi huita miji, mmoja baada ya mwingine, na kila mji hujibu umetoa watu wangapi. Mji uliowekwa pembeni hauitwi. Hata kama mlizima moto wote peke yenu, hauitwi. Luhende akasimama, na karani wake na daftari, akaanza kuita kuanzia juu kilimani. Mji wa fulani? Wawili. Mji wa fulani? Wanne. Akashuka hivyo mpaka kwa majirani zangu. Akauita mji wa kulia kwangu. Akauita mji wa kushoto kwangu. Kabula alikuwa anachora majivuni kwa kidole, kichwa chini.

Luhende akageukia upande wetu. Kisha akasema, "Mji wa Sayi Maduhu?"

Nilikuwa bado najiinua majivuni.  Aliyejibu alikuwa Nkwabi, kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Watatu," alisema. "Nimewaona mwenyewe."

Karani akamwangalia Luhende. Luhende akamwambia, "Andika watatu."